Nimeona, Nimesikia, Ninataka

Alikuwa na swali moja, na alilitumia kama watu wengine wanavyotumia chumvi: "Umeona, ao umesikia?" Ukimwambia askari wamefika Panzi, ukimwambia jirani amelogwa, ukimwambia maji ya bomba yamerudi, anakuangalia juu ya miwani na kukuuliza umeona ao umesikia. Mke wake alikuwa anatuambia kwamba hata siku ya ndoa yao, padri alipouliza kama kuna mtu mwenye kizuizi, wageni wote waliangalia altare, bwana harusi peke yake akageuza shingo kuangalia nyuma. Alitaka kuhakikisha.

Alikuwa mwalimu wetu wa jeografia katika sekondari moja ya Kadutu. Sisi tulimwita Prof, kama wanafunzi wote wa Bukavu wanavyowaita walimu wao wa sekondari. Kwao ni wapi, baba yake ni nani, sijui na sitatafuta. Nilimjua miaka mingi, na nina hasira naye. Kwangu hayo mawili yanatosha.

Koti lake lilikuwa moja, rangi ya majivu, na kila kifungo kilikuwa na ukoo wake. Kiatu cha kushoto alikishona na mpira wa tairi. Baada ya mvua hakutembea kamwe upande wa bonde. Alijibana kwenye ukingo wa mlima kama mtu anayepisha lori. "Bukavu haikujengwa," alisema, "imetundikwa. Na aliyetundika hakuangalia msumari." Tulicheka. Halafu mlima ulianguka juu ya nyumba za watu chini ya barabara yetu, na tuliokwenda kuchimba na mikono hatukucheka tena. Watu walisema ni pepo la bonde lile. Prof alisimama kwenye matope akauliza nani aliuza viwanja pale, na nani alikata miti iliyokuwa juu. Siku ile hakupata jibu, alipata jiwe la mgongo.

Ubao wake ulikuwa na sehemu tatu kila siku, hata siku ya kusoma mito ya Ulaya. Kushoto aliandika NIMEONA. Katikati NIMESIKIA. Kulia NINATAKA. Kila neno mliloleta darasani lilitafutiwa nyumba katika hizo tatu. Sehemu ya kulia ndiyo iliyotuchoma. Ukisema "vita itaisha mwaka huu," anakuuliza umeona wapi. Hujaona. Umesikia kwa nani? Kwa tonton, mdogo wa baba. Tonton amesikia kwa nani? Hujui. Basi anachukua neno lako, anaondoka nalo katikati, analiandika kulia, pole pole, bila kukucheka. "Hapa ndipo linakaa. Si dhambi kutaka. Dhambi ni kusahau kwamba unataka."

Chaki ilipokosekana aliandika na kipande cha muhogo mkavu. Msichana mmoja wa benchi ya mbele alikula chaki ile wakati Prof amegeuka. Prof aliona. Kesho yake alileta vipande viwili, kimoja akakiweka juu ya benchi ya yule msichana, akaanza somo.

Kwa nini swali lile lilikuwa muhimu, mtu asiyekaa Bukavu miaka ile hawezi kujua. Uvumi uliua watu kama risasi. Asubuhi moja mtu alipiga kelele "wamefika," hakusema akina nani, na avenue nzima ikakimbia kushuka. Hakuna aliyekuwa amefika. Maman mmoja alianguka kwenye korongo na mtoto mgongoni, na hao wawili ndio walikuwa vita yote ya siku ile. Prof alitusimulia hayo mwezi mzima. Alisema: "Kabla ya kukimbia, uliza."

Halafu siku nyingine milio ilianza tukiwa darasani. Tulisimama. Yeye alikaa. "Nani ameona? Hapa mlima unarudisha sauti. Mnasikia kama ni Bagira, hapo karibu, pengine iko mbali sana." Alikuwa bado anaeleza mwangwi wakati risasi ilipotoboa bati na kuvunja dirisha nyuma yake. Tulilala chini ya mabenchi mpaka ikatulia. Alipoinuka alipangusa koti, akaenda kwenye ubao, akaandika katikati, chini ya NIMESIKIA: leo waliosikia walikuwa na haki. Nilimpenda kwa sababu hiyo. Sikuwa nimekutana na mtu mzima anayeandika mbele ya watoto kwamba amekosea.

Mtu wa namna hiyo unafikiri hana ushirikina. Alikuwa nao. Vita ya kwanza ilianza siku aliyonunua mwavuli, na tangu hapo hakununua mwingine. Mvua ikinyesha alivaa mfuko wa plastiki kichwani kama mama wa sokoni. Sisi tulimchokoza.

"Prof, umeona ao umesikia kwamba mwavuli unaleta vita?"

"Nimeona mara moja," alijibu. "Na mara moja si ushahidi."

"Basi nunua."

"Hapana. Naogopa."

"Kumbe unaamini."

"Kuogopa si kuamini, mutoto. Andika hiyo."

Tuliandika. Mara moja si ushahidi. Nimeibeba sentensi hiyo mpaka leo, na utaona kwa nini inaniuma.

Na makala ya kupikia, makaa ya miti. Alitufundisha msitu wa Kahuzi, jinsi unavyovuta mawingu na kuyashika kama mama anavyoshika mtoto kwenye foleni, na jinsi vita inavyoukata, wakimbizi wanakata, askari wanakata, wafanyabiashara wanakata nyuma ya askari. Jioni tulimkuta Kadutu anapanda ngazi na gunia la makala begani, uso mweusi. Mmoja wetu alimwita: "Prof, hiyo ni Kahuzi unabeba?" Akasimama, akalitua gunia. "Ndiyo, ni Kahuzi. Na nyumbani kuko maharagi, na maharagi hayaivi na hotuba." Akalipandisha tena begani. Hakutafuta maneno ya kujificha.

Somo la mvua ndilo linalohusu maisha yangu, kwa hiyo nitalieleza vizuri.

Ilikuwa mwaka mvua ya mwezi wa tisa ilichelewa. Prof alituambia kila mtu arudi nyumbani aulize mkubwa mmoja: kwa nini haijanyesha? Tulirudi na majibu, na ubao haukutosha. Mungu amekasirika kwa damu iliyomwagika. Mabomu yameunguza mawingu. Ndege za wazungu zinavuta maji ya anga. Miti imekatwa. Moshi wa viwanda vya mbali umepasha dunia moto. Hilo lilitoka kwa baba wa mwenzetu aliyekuwa na redio. Na jibu lililorudi mara nyingi kuliko yote, hasa kwa wenye ndugu Nyantende na Kabare: wachoma matofali wamefunga mvua ili matofali yao yakauke.

Hakucheka hata jibu moja. Alisema: "Tusiulize lipi ni zuri. Tuulize, kama hili ni kweli, tungeona nini?" Kama ni wachoma matofali, basi mahali pasipo na tanuru mvua inanyesha. Nani ana mtu Idjwi? Mwenzetu mmoja alikuwa na bibi kule kisiwani, na kijiji cha bibi hakikuwa na tanuru hata moja. Wiki ile mashua ilileta jibu: na huko kumekauka. Kama ni mabomu, basi kabla ya vita mvua haikuchelewa kamwe. Tukauliza wazee, wakakumbuka njaa ya zamani, vita haijulikani bado. Pole pole majibu yalikuwa yanaanguka, na sisi tulikuwa na furaha ya ukatili, kama watoto wanaotupia embe mawe.

Ya miti yeye aliipenda, tuliiona. Sauti yake ilibadilika akiisema. Mimi ndiye niliyenyanyua mkono: "Prof, hiyo ya miti uiandike na kulia pia. Unaitaka." Akaniangalia, akaandika kulia: miti. "Una haki. Iko kushoto, maana nimeona misitu ikikatwa. Lakini iko na kulia. Tutaiangalia mara mbili."

Na ya moshi na dunia? Mtu alisema hayo ni maneno ya wazungu. Prof alikasirika, mara chache alikasirika. "Usiseme wazungu. Sema nani, na alipima nini. Mimi sikupima. Lakini wamepima watu wa nchi nyingi, wengine hawapendani, wengine wanataka wenzao wakosee, na hesabu zao zinafika mlango mmoja. Hapo nasikia, na ninaamini, na ninajua kwa nini ninaamini." Akatufundisha kwamba mvua ya leo ni hasira ya siku moja, na klima, yaani tabianchi, ni tabia ya mtu. Ukimwona mtu amekasirika asubuhi moja huwezi kusema ana tabia mbaya. Unahitaji miaka. "Kwa hiyo mwaka huu mmoja, mvua hii moja ya Nyantende, sijui. Wanaosema wanajua, wote, muwaogope."

Lilikuwa somo zuri. Nililiamini. Nikamaliza sekondari, nikaolewa Nyantende, na mchoma matofali.

Prof alifurahi. "Huyo anashika udongo kila siku, hatakudanganya juu ya udongo." Alikuwa anapita kwetu akija kutafuta maharagi, anakaa na mume wangu kando ya tanuru, wanabishana kuhusu moto. Mume wangu alikuwa mtu wa mzaha, na hapa nieleze kosa letu, kosa la wachoma matofali wote wa kwetu. Wanajisifu. Mteja akija na kuangalia mawingu, akauliza matofali yatakauka lini, mchoma matofali anapiga kifua: "Mvua? Nimeifunga. Lala salama." Ni maneno ya biashara. Baba zao walisema hivyo, na mwaka wa mvua nzuri kila mtu anacheka. Mume wangu aliyasema kuliko wote. Aliyasema kwa wimbo.

Mwaka uliofuata kuzaliwa kwa mtoto wetu Nsimire, mvua ilichelewa vibaya. Watu walipanda maharagi, yakafa ardhini. Wakapanda mbegu ya akiba, nayo ikafa. Na vijana wa msituni walikuwa wameshuka kijijini na bunduki, wakisema wanatulinda, wakila kilichobaki. Jumamosi moja walikuja kumchukua mume wangu. Walimfunga mikono na kamba yetu wenyewe, ile ya kuvutia maji, wakampeleka kwa chefu wa kijiji. Komanda wao alisema: hukumu kesho, baada ya misa. Hata mauaji yalingoja misa.

Nilimfunga Nsimire mgongoni nikashuka Bukavu kwa mguu. Sikwenda kwa askari. Ni askari gani? Sikwenda kwa padri. Nilikwenda kwa Prof, kwa sababu nilikuwa mjinga wa shule, nilifikiri mtu akiuliza vizuri watu watajibu vizuri. Yeye hakuuliza kitu. Alivaa koti.

Jumapili uwanja wa chefu ulijaa. Mume wangu amekaa chini, mdomo umevimba. Aliyesimama kumshitaki si mtu mbaya. Ni jirani yangu wa shamba, mjane, aliyenishika mkono nilipokuwa ninazaa.

"Nimepanda mara mbili," alisema. "Mbegu imekwisha. Watoto watakula nini? Watakula matofali?"

Prof alivua kofia. "Pole, maman. Pole sana. Lakini nani amemuona huyu anafunga mvua?"

"Amesema yeye mwenyewe. Sisi wote tumesikia."

"Amesema. Na mimi nikisema niko askofu, mutanipa kanisa?"

Watu walicheka. Hata chefu alishika mdomo. Nikasema moyoni, tumeshinda.

"Idjwi hakujanyesha," Prof akaendelea. "Kalehe hakujanyesha. Kamba yake inafika mpaka Kalehe?"

Komanda alikuwa kijana, viatu vya jeshi bila kamba, bunduki juu ya magoti. "Muzee, weye uko na akili mingi. Sasa tuambie. Nani amefunga?"

Prof akageuza kofia mkononi. Nilimjua, nilijua anachokifanya. Alikuwa anatafuta jibu la kweli, pale, mbele ya bunduki. Akaanza kueleza bahari ya mbali, maji yanayopata moto, upepo unaogeuka. Halafu, Mungu wangu, akamaliza kama alivyotufundisha: "Lakini mwaka huu mmoja, kwa nini, mimi sijui."

Niliona nyuso zikifungwa kama milango. Watu wenye njaa hawawezi kula "sijui." Mtu nyuma alisema, "Yeye hajui. Mwenye kujua iko hapo chini." Komanda akasimama. Nikasikia chuma kikilia, na Nsimire akaamka mgongoni.

"Ngojeni," Prof alisema, na sauti haikuwa ya darasani. "Mukimuua leo na mvua ikikataa, mutamurudisha? Vunjeni tanuru. Likivunjika na mvua isikuje, mutajua si yeye. Mujaribu kwanza. Mutu anabaki hapa, hakimbii."

Aliangalia mbingu aliposema. Zilikuwa nyeupe, safi, upepo mkavu kama mdomo wa mgonjwa. Alihesabu kwamba ukame utaendelea na tanuru litamsafisha mume wangu. Yeye, mwenye kuogopa mwavuli. Yeye aliyetuandikisha kwamba mara moja si ushahidi. Aliweka uhai wa mume wangu juu ya mara moja.

Chefu alikubali upesi, nafikiri alikuwa anatafuta mlango. Walimfungua mume wangu, wakampa jembe, akapiga yeye wa kwanza. Matofali yalikuwa bado mabichi. Yalianguka bila sauti kubwa, kama ng'ombe anayelala.

Wiki haikuisha. Mvua ilikuja kutoka upande wa ziwa, nzito, nzuri, mvua ya kweli. Wanawake walitoka nje na kucheza. Watoto walifungua midomo. Yule mjane alikuja akikimbia, amelowa, akanikumbatia mpaka sikupumua: "Mama Nsimire, asante. Mumeo amefungua. Asante." Nilisimama kwenye mvua ile, mtu wangu yuko hai ndani ya nyumba, na nilijua kwamba tumekwisha.

Mwaka uliofuata ilichelewa tena. Mume wangu hakuwa na tanuru. Alikuwa analima tu. Walikuja hata hivyo.

"Tanuru iko wapi?"

"Sina."

"Unayo. Umeificha. Mwaka jana tulivunja na tuliona kwa macho yetu."

Waliona kwa macho yao. Hapo hata ubao wa Prof hauna msaada. Walikuwa upande wa kushoto. Walimpa siku mbili aonyeshe tanuru ambalo halipo. Aliondoka na wafanyabiashara wa Kamituga kwenda kuchimba dhahabu, mimi nikarudi Kadutu kwa mama yangu na mtoto. Nilisikia kwamba kwenye bonde la pili walivunja tanuru la mwingine, mvua haikuja, wakamvunja na mwenye tanuru. Hilo nilisikia. Sikuliona. Ninaliweka pale linapostahili, katikati, na usingizi haunichukui.

Sasa niseme hasira yangu iko wapi. Iko kwa wale wa mbali wenye moshi. Sisi hatuna gari, hatuna kiwanda, hata taa hatuna, na kamba ilifungwa mikono ya nani? Iko kwa vijana wenye bunduki wasiojua kupanda hata kitunguu. Iko kwa wakubwa wa mjini ambao siku hizi wamejifunza neno klima, na mlima ukiangukia watu kwenye viwanja walivyouza wenyewe, wanasema kwenye redio ni klima, wanapangusa mikono. Wote wamepata pepo jipya. Na iko kwa Prof. Alimwokoa mume wangu, na aliwapa ushahidi. Nimejaribu kuchagua moja nimeshindwa.

Nilimwona tena mwaka wa mwisho wa vita, ao walisema ni wa mwisho. Dereva wa pikipiki alikuwa ametoka Kamituga na neno la mume wangu. Amechoka. Shimo limeanguka karibu naye. Anauliza kama Nyantende wamesahau, kama anaweza kurudi nyumbani kabla ya kupanda. Dereva anarudi kesho asubuhi, anataka jibu. Na mvua ilikuwa imechelewa tena.

Nilimkuta Prof nyuma ya nyumba yake, kwenye mteremko, anachimba mfereji na jembe lenye mpini mfupi. Shule ilikuwa inalala askari. Alikuwa amekonda, anakohoa kila akiinama.

"Prof, unachimba mufereji wa maji na hakuna mvua."

"Ikichelewa hivi inakuja na hasira. Karibu, Mama Nsimire. Mutoto amekuwa mukubwa."

Sikukaa. Nilimwambia ujumbe wote nikiwa nimesimama. Alisikiliza ameegemea jembe. Halafu akaniambia kitu nisichokijua. Baada ya mvua ile ya tanuru alikwenda Kalehe, kwa mguu, akipita vizuizi vya askari, akinyang'anywa saa na kiatu kizuri. Alikwenda kuuliza watu mvua ilifika kwao siku gani. Ilikuwa siku ile ile. Huko hakuna aliyevunja kitu.

"Na ukakaa nayo?" Nilikuwa ninapandisha sauti. "Nyantende uliwaambia?"

"Nilikwenda. Niliwaambia."

"Wakasema nini?"

Alikohoa muda mrefu. "Walinipa kiti. Walileta kasiksi, kibuyu kizima. Walinishukuru. Wanasema mimi ndiye niliyewaonyesha dawa. Wananiita muzee wa mvua."

Nilikuja kumtukana, na nikakuta wametangulia kumtukana vibaya kuliko nilivyoweza, na kibuyu cha pombe juu.

"Nimwambie nini mume wangu?" nikauliza.

Angeweza kunijibu. Alichukua kijiti akaninyoshea, na kwenye udongo mbichi wa mfereji nikachora mistari miwili mwenyewe, kwa hasira, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nimeona: mvua haijaja. Nimeona: mjane wa Nyantende sokoni jana, aliniuliza mume wangu yuko wapi, na hakuuliza kwa upendo. Nimesikia: chefu ni yule yule, komanda amekufa, kuna mwingine. Nimesikia: bonde la pili. Halafu upande wa kulia. Huko niliandika mpaka nafasi ikaisha. Sitaandika hapa nilichoandika. Nsimire hajui sauti ya baba yake, inatosha.

Prof aliangalia yote. "Wale wanaopima," alisema pole pole, "nafikiri wanasema kweli. Kama wanasema kweli, mvua itazidi kupotea njia. Si mwaka huu tu. Na Nyantende kila mwaka itahitaji mutu."

"Basi asikuje."

"Mimi sijasema hivyo."

"Hapana," nilisema. "Hiyo sikuisikia kwako. Nimeiona."

Alitikisa kichwa, akashika jembe, akaanza kuchimba tena, na hakuruka sehemu nilipochora. Alipitisha mfereji hapo hapo, sehemu zote tatu zikaenda na udongo. Nilimchukia na nilitaka kumsaidia kuchimba. Niliondoka.

Asubuhi nilimwambia dereva wa pikipiki: mwambie asikuje. Aliniuliza kama kuna neno la kuongeza. Nilimwambia hakuna.

Mvua ilikuja baada ya hapo, kwa hasira, kama alivyosema, na mfereji wake ulishika. Nyantende hawakuvunja tanuru mwaka ule, maana hakuna aliyethubutu kujenga hata moja. Ilinyesha tu. Nimewauliza wanaotoka kule kuuza mboga kama kuna mtu aliyetaja kwamba ilinyesha bila tanuru kuvunjwa, hata mmoja. Wananiangalia kama mimi ndiye mgonjwa, wanafunga mboga zao.

Hilo nimeliona. Upande wa kulia, moyoni, bado sijaufuta.